Reli ya Ngong Ipangwe kwa Saa ya Mfanyakazi

Ndugu wanachama, na ndugu wafanyakazi wa kazi zote,

Habari ya reli mpya ya kwenda Ngong mmekwisha kuisikia. Ni reli ya kutoka Riruta, katika njia yetu ya Kikuyu, kupita Lenana na Bulbul, mpaka Ngong. Urefu wake ni kama kilomita 12 na nusu, na upana wake ni ule ule wa mita moja tuliouzoea. Wengi wetu tumeifurahia habari hii, nasi twasema wazi katika karatasi hii kwamba reli hiyo twaitaka. Watu wa Ngong wametaabika vya kutosha katika foleni ya barabara.

Lakini furaha si mpango. Twataka kusema neno moja tu juu ya namna ya kuipanga reli hii, na neno hilo ni hili: reli ya wafanyakazi hupangwa kwa kuanza na saa ya kuingia kazini, kisha watu warudi nyuma kidogo kidogo mpaka wafike kwenye ramani. Ikianza ramani, na saa ikatafutwa baadaye, tutapata tuta zuri na stesheni nzuri, na treni isiyomfaa mtu.

Kwa nini twasema hivi? Kwa sababu reli zetu za zamani hazikuwekwa kwa ajili ya mtu wa asubuhi. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika Kisumu 1901. Shabaha yake ilikuwa Ziwa na Uganda. Ile ya Thika iliyofunguliwa 1913 ilifuata mashamba ya walowezi na mazao yao. Stesheni ziliwekwa palipokuwa na mizigo, na pale injini ilipotaka maji. Hapana aliyekaa mezani akahesabu mtu wa kwenda kazini asubuhi, maana mtu huyo alikuwa amewekwa karibu. Watu wa Reli walikaa katika landhi za Muthurwa na Makongeni, wakaenda kazini kwa miguu.

Siku hizo zimepita. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, na hapo hujahesabu wale wanaolala nje ya mpaka wa mji na kufanya kazi ndani yake. Mfanyakazi wa leo analala Ngong, Rongai, Kitengela, Ruiru, Githurai au Kikuyu, kwa sababu ndiko anakopata chumba cha kulingana na mshahara wake. Serikali yenyewe iliona jambo hili, na mwaka 2017 ikaunda halmashauri moja ya usafiri kwa kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Basi mji umekuwa mkubwa kuliko mpaka wake, na treni za abiria wa mji zimebanwa katika njia zilizowekwa kwa ajili ya magunia.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanywa. Novemba 2012 Rais Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, pamoja na kipande cha reli mpya kilichowekwa kwa ajili ya watu wa mji. Mwaka 2020 zililetwa treni 11 kutoka Hispania, zilizokuwa zimetumika huko, zenye injini ndani yake na chumba cha dereva kila upande. Hizo ni hatua, na sisi tuliozifanyia kazi twajua faida yake.

Lakini tazameni Ngong penyewe. Ngong ina stesheni ya reli tangu Oktoba 2019, katika ile njia kubwa ya kwenda Suswa. Mlima ulitobolewa, madaraja marefu yakasimamishwa. Mbona basi mtu wa Ngong bado anasukumana katika matatu alfajiri? Ni kwa sababu njia ile ilijengwa kwa safari ndefu na mizigo mizito, na stesheni yake kubwa ya Nairobi iko Syokimau. Haikupangwa kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuwa kwenye geti la kiwanda Industrial Area saa moja na nusu asubuhi. Reli ipo, stesheni ipo, na mtu hana treni. Tusilirudie jambo hili mara ya pili katika mji ule ule.

Haya, tuhesabu pamoja. Mwenzetu mmoja, fundi wa zamu ya asubuhi, anakaa Bulbul. Siku hizi huamka saa tisa na nusu usiku, kwa kuwa akikosa matatu za kwanza hataipata kazi kwa saa. Mvua ikinyesha nauli hupanda, naye hulipa, maana hana la kufanya. Huyu ndiye abiria tunayejengewa reli. Tumwanzie yeye.

Geti la kiwanda hufungwa saa moja na nusu. Kutoka stesheni kuu ya Nairobi kwenda sehemu nyingi za Industrial Area kwa miguu ni nusu saa na zaidi. Basi treni yapasa iwe imefika Nairobi saa moja kasoro dakika kumi. Tukisema safari nzima kutoka Ngong ni saa moja, treni itaondoka Ngong saa kumi na moja na dakika 50. Dereva lazima awepo saa moja kabla, aangalie injini, breki, taa na mafuta. Hiyo ni saa kumi na dakika 50, na giza bado. Ikiwa dereva na gadi wamelala Nairobi, ni gari gani litakalowachukua saa nane au saa tisa usiku? Ikiwa wamelala Ngong, wamelala wapi? Mnaona, ndugu zetu, tumeanza na geti la kiwanda na tumefika kwenye kitanda cha dereva. Hayo yote ni mpango wa reli. Hayamo katika picha za rangi, lakini kimoja kikikosekana, treni haitoki.

Turudi tena kwenye lile tembeo la nusu saa. Kwa nini treni ya Ngong ifie Nairobi? Mbele ya Nairobi njia yaendelea mpaka Makadara na Imara Daima, na huko ndiko viwanda viliko. Treni ikipita moja kwa moja bila kuwashusha watu, wengi watashuka karibu na kazi yao. Kwa hivi twawakumbusha wale wanaopanga mji mpya wa Reli katika zile ekari 425 za stesheni kuu: maduka na majumba yasimame, lakini njia za kupita moja kwa moja zisikatwe. Njia ikishafunikwa na jumba, hairudi.

Sasa tuseme juu ya njia moja. Mtu asiye wa Reli huona reli kama barabara, akidhani magari mawili yaweza kupishana popote. Hayawezi. Katika njia moja treni hupishana mahali palipowekwa njia ya pembeni tu, ambayo sisi huiita lupu. Tuseme treni inakwenda mwendo wa kilomita 30 kwa saa, pamoja na kusimama stesheni. Kilomita 12 na nusu ni dakika 25. Kurudi ni dakika 25. Dereva akabadili upande kwa dakika tano kila mwisho, jumla ni saa moja kamili. Ikiwa hakuna lupu katikati, treni moja ikienda na kurudi imemaliza saa nzima. Tuseme inachukua watu 800. Basi kwa saa umewabeba watu 800, sawasawa na matatu kama 24 za viti 33. Weka lupu moja katikati, treni mbili zitafanya kazi, na kila nusu saa kutakuwa na treni. Watu watakuwa 1,600 kwa reli ile ile na mataruma yale yale.

Uko ujanja mwingine ambao watu wa zamu waujua. Ni kulaza treni mbili au tatu Ngong usiku, zitoke alfajiri zikifuatana. Huo nao ni mzuri, lakini wataka njia za kulazia treni, taa, ukuta, na askari wa kulinda. Tena wataka mahali pa kujaza mafuta au hesabu nzuri ya mafuta. Ramani ionyeshe moja kati ya mambo hayo mawili, na bora yote mawili.

Hata hivyo kazi haijaisha, kwa sababu treni ya Ngong ikifika Riruta inaingia katika njia ya Kikuyu, nayo ni njia moja vile vile. Tena ni njia ya mlima. Kutoka Nairobi, iliyo futi kama 5,500 juu ya bahari, injini yapanda mpaka Kikuyu, iliyo zaidi ya futi 6,500. Treni za Kikuyu na Limuru zataka nafasi yao saa zile zile za asubuhi. Ukiiweka treni ya Ngong juu ya hizo bila kupanua njia kati ya Riruta na Nairobi, utakuwa umempa mtu wa Ngong kwa kumnyang'anya mtu wa Kikuyu. Twasema hivi: reli ya Ngong haianzi Riruta. Inaanza Nairobi. Kipande cha Kibera kikiachwa kilivyo, kilomita 12 na nusu mpya zitakuwa kama mtungi mkubwa wenye mdomo mwembamba.

Sisi wenyewe tumeonja ubaya wa kupanga bila kuuliza. Wakati mmoja, katika sehemu moja ya kazi ambayo hatuitaji, ratiba ilibadilishwa kwa karatasi iliyobandikwa ukutani Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi treni mbili zikatakiwa zipishane mahali ambapo lupu yake ilikuwa fupi kuliko treni yenyewe. Hapakuwa na hatari, kwa kuwa watu wa zamu waliona mapema, wakaisimamisha moja stesheni ya nyuma. Lakini ilikaa pale karibu saa nzima. Abiria walikosa kazi, wakamtukana gadi, na mmoja akarusha jiwe. Aliyebandika karatasi hakutukanwa, maana hakuwapo. Mshika pointi yeyote angemwambia urefu wa lupu ile bila kufungua kitabu. Hakuulizwa.

Jambo la mageti ni zito zaidi, maana ni jambo la roho za watu. Hatujasahau Oktoba 2013, treni ya abiria ilipogonga basi Mutindwa, karibu na Umoja, na watu zaidi ya kumi wakafa. Watu wale walikuwa wakienda kazini. Reli mpya ikipita katikati ya nyumba na barabara za Lenana na Bulbul, kila mahali inapokutana na barabara pataka daraja, au geti lenye mtu.

Twasema lenye mtu, kwa sababu geti bila mtu ni mti tu. Hesabu ya mtu huyo nayo ifanywe sasa. Treni zikitembea kutoka saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku, hizo ni saa 18. Kwa siku saba ni saa 126. Mtu mmoja akifanya saa 45 kwa juma, geti moja lataka watu watatu, na wa nne wa kushika zamu wakati wa likizo na ugonjwa. Wataka kibanda, choo, maji, taa, na simu ya kuzungumza na stesheni. Mageti yakiwa matano, ni watu 20. Tunajua kitakachotokea hesabu hii isipofanywa: mtu mmoja atawekwa kwa saa 12, juma zima, na siku atakapopitiwa na usingizi atashtakiwa yeye.

Jioni nako kuna hesabu yake. Treni ya mwisho ikiondoka Nairobi saa kumi na mbili, mwenye ovataimu ameachwa. Atapanda matatu, na nauli itaila ile ovataimu. Wa dukani, wa hoteli, wa hospitali na askari wa usiku, wote wana saa zao. Kwa desturi treni zetu za mji hutembea asubuhi na jioni, na mchana njia inalala. Yafaa reli mpya iwe na treni japo moja kila saa mchana kutwa, na ya mwisho iondoke saa tatu usiku. Mtu akijua kuwa ipo treni ya kumrudisha, ndipo atakapoiamini ile ya kwenda. Vivyo hivyo tikiti: pawe na tikiti ya juma na ya mwezi, inunuliwe siku ya mshahara, na dirisha la kuuzia kwa fedha taslimu lisifungwe kwa sababu kuna tikiti za simu. Wako wazee wetu na mama zetu wa sokoni wasio na simu za namna hiyo, nao ni abiria.

Sasa tujibu maneno tuliyosikia.

Wako wanaosema: jengeni kwanza, treni zitafuata. Twajibu: yako mambo yanayoweza kufuata, na yako yasiyoweza. Ratiba yaweza kubadilishwa. Rangi ya stesheni yaweza kubadilishwa. Lakini nafasi ya lupu na ya njia ya pili haifuati. Ukinunua ardhi nyembamba leo, kesho kando yake kutakuwa na nyumba ya ghorofa tano. Tumeona Kibera na Mukuru, kazi iliyotakiwa kuwahamisha watu waliokuwa wamejenga karibu na reli, na nyumba na vibanda vipya vilivyojengwa ili wapate pa kukaa. Wale hawakuwa watu wabaya. Ardhi ilikuwa wazi, nao walikuwa maskini. Ni afadhali kuchukua nafasi ya kutosha mara moja, kwa malipo ya haki, kuliko kuja na tingatinga baada ya miaka ishirini.

Wengine wanasema fedha hakuna. Ndugu zetu, ushuru wa kuendeleza reli ulianza mwaka 2013, kwa asilimia 1.5 ya bei ya vitu vinavyoletwa kutoka ng'ambo. Kila tunaponunua kandambili, sufuria au dawa iliyotoka nje, tumelipa. Basi tusiambiwe kwamba reli ni zawadi. Ikiwa fedha hazitoshi kwa yote, urembo wa stesheni ungoje. Mtu aweza kungoja treni chini ya paa la mabati. Hawezi kupanda paa la vioo likampeleka kazini.

Wengine tena, ndugu zetu wa matatu, wana hofu. Hofu yao twaielewa, kwa maana dereva na makanga ni wafanyakazi kama sisi, tena wengi hawana hata barua ya kazi. Hatutaki reli iwaue njaa. Treni haifiki mlangoni kwa mtu. Mtu wa Matasia au Kiserian atahitaji gari la kumfikisha stesheni Ngong, na jioni la kumrudisha. Kila stesheni ipangiwe uwanja wa matatu, karibu na jukwaa, na saa zao zifuatane na za treni. Haya wayazungumze na vyama vya matatu sasa, kabla ya nguzo kusimama. Tena pawe na njia salama ya mtu wa miguu, yenye taa, maana wengi wetu hatuna gari la kuliacha stesheni.

Na sisi je? Hapa hatuna budi kujisema wenyewe. Hatuwezi kudai tuulizwe ikiwa sisi si watu wa kuulizwa. Wako wenzetu wanaopokea fedha mkononi na kumwachia mtu apande bila tikiti. Wako wanaofika zamu wamechelewa, na wako wanaofika wakinuka pombe. Kila shilingi inayoingia mfukoni mwa gadi ni sababu anayopewa mkubwa ya kusema kwamba treni za mji hazina faida, na kwamba zipunguzwe. Kikulacho ki nguoni mwako. Reli ya Ngong ikija, abiria wake wa kwanza watatutazama juma la kwanza. Tukichelewa siku tatu, watarudi kwenye matatu na hatutawaona tena.

Zamani mtu wa Reli aliambiwa tu. Ilibidi watu wagome, kama katika mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947 uliowashika watu wa bandari na wa reli pamoja, ndipo sauti yao ikasikiwa. Leo tunayo Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 10 chataka wananchi washirikishwe katika mambo ya nchi, na kifungu cha 41 champa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini na kuwa katika chama. Kwa hivi hatuombi hisani. Twasema sheria itimizwe. Nao mkutano wa kuwasikia watu usifanywe saa nne asubuhi katika hoteli, wakati mfanyakazi yuko kazini. Ufanywe Jumapili alasiri Bulbul au Ngong, kwa lugha ambayo watu waijua, na ramani itundikwe mahali pa kuonekana.

Basi mambo tunayotaka ni haya:

1. Ratiba ya mfano itolewe pamoja na ramani, ikionyesha treni ya kwanza, ya mwisho, na ngapi kwa saa.

2. Pawe na lupu katikati ya Riruta na Ngong, ndefu ya kutosha treni ndefu kuliko za leo, na ardhi ya njia ya pili ihifadhiwe tangu mwanzo.

3. Njia kati ya Riruta na Nairobi ipanuliwe katika mpango huo huo, na treni ya Ngong iendelee mpaka Makadara na Imara Daima.

4. Barabara kubwa zipewe madaraja. Geti lolote litakalobaki liwe na watu wa kutosha kwa zamu za saa nane.

5. Ngong pawe na nyumba ya kulala wafanyakazi wa treni wa zamu ya alfajiri, yenye maji na vitanda, na njia za kulazia treni.

6. Katika kamati ya kupanga, waingie watu wa kazi: dereva mmoja, gadi mmoja, mshika pointi mmoja, na mtu wa gengi mmoja, waliochaguliwa na wenzao.

7. Nauli ya mwezi ipangwe kwa kuuliza mshahara wa mtu wa chini unaweza kubeba nini.

Kila mwanachama aliye na neno la kuongeza, hasa wale mnaokaa Ngong, Bulbul na Riruta, alete kwa katibu wa tawi lake. Aandike saa anayotoka nyumbani, saa anayofika kazini, na nauli anayolipa kwenda na kurudi. Usiseme kwamba neno lako ni dogo. Tukipata karatasi mia mbili za namna hiyo, tutakuwa na jambo ambalo hata mhandisi hana mezani kwake, na tutampelekea kwa heshima. Mhandisi ni fundi wa chuma na mawe, nasi twamheshimu. Saa ya kuamka anaijua anayeamka.

Twaitaka reli ya Ngong. Twataka imfikishe yule fundi wa Bulbul kazini kwa saa, imrudishe kabla watoto hawajalala, na tena imwache dereva na mshika geti wakiwa hai na wenye nguvu. Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu katika kazi ya Reli.